Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Malka, Mafuriko na Amani ya Delta ya Tana

Wazee wetu wa Gasa, baraza la Wapokomo, na wa Matadeda, baraza la Waorma, mliotuheshimu kwa kufika, kina mama, vijana na wanachama wote, asalaam aleikum, hamjambo.

Kazi yetu kubwa mwaka huu ilikuwa malka, na ndiyo nitakayoizungumzia zaidi. Vijana mliojiunga juzi mkitokea mjini, malka ni ile njia ya mifugo inayokatiza mashambani hadi mtoni. Mpokomo analima ukingoni kwa sababu maji yakijaa na kupungua huacha rutuba hapo. Muorma na Mwardei kiangazi kikikaza hawana pengine pa kunywesha ng'ombe. Malka ikilimwa, mifugo hupita juu ya mahindi. Mahindi yakiliwa, panga hutoka.

Haya tuliyaona 2012. Tarehe 22 Agosti, katika kijiji cha Riketa hapa delta, waliuawa watu 52, wengi wao wanawake na watoto. Tarehe 10 Septemba, kijiji cha Kilelengwani, 38, wakiwemo polisi 9. Kabla mwaka haujaisha, Kijiji cha Kipao nacho kikazika watu wake. Sitasema nani alianza, wala sitaruhusu mkutano huu ugeuke mahakama ya jambo hilo. Ninachotaka tukumbuke ni kwamba kabla ya Riketa, malalamiko ya mashamba kuliwa na ya ng'ombe kukatwa mapanga yalikuwa yamerundikana bila kuamuliwa, na uchaguzi wa Machi 2013 ulikuwa unakaribia. Siasa ilikuta kuni zimeshakauka.

Mvua za masika mwaka huu zilileta mafuriko yaliyohamisha familia nyingi kandokando ya Tana. Maji yalipopungua tukakuta tatizo ambalo halikuwa kwenye mpango wetu wa mwaka. Alama za malka zilikuwa zimefutika, na mahali pengine mto wenyewe ulikuwa umehama. Mkulima aliyerudi alipanda pale alipoona udongo mpya, na mfugaji aliyerudi alipeleka ng'ombe pale alipozoea. Ikabidi tuache semina tulizokuwa tumezipanga, tutembee na wazee wa pande zote mbili, malka baada ya malka, na chifu wa eneo akiwepo. Kila malka ilitajwa na Mpokomo na Muorma pamoja, kisha tukaweka alama zinazoonekana. Naamini uamuzi huo ulizuia maafa kuliko mkutano wowote wa hotelini. Malka moja bado haijapata makubaliano, kwa sababu mkondo wa zamani umekauka na mpya unapita katikati ya miembe ya watu. Mazungumzo yanaendelea, nami nawashukuru wenye miembe kwa uvumilivu wao.

Kuhusu mazao yanayoliwa, utaratibu ni uleule: kamati ya watu wa pande zote mbili ifike shambani siku hiyohiyo, afisa wa kilimo akadirie hasara, na mwenye mifugo alipe mbele ya wazee. Nasisitiza siku hiyohiyo. Hasara ya leo huhesabiwa kwa mashina; ikichelewa wiki nzima, huhesabiwa kwa hasira.

Kina mama wa soko ndio waliobeba kazi ya kuzima uvumi. Ujumbe wa simu ukisema kijiji fulani kimevamiwa, wao hupiga simu kwa mwenzao wa kijiji hichohicho kabla habari haijafika kwa vijana. Wanafuata njia iliyofunguliwa na kina mama wa Wajir miaka ya mwanzo ya 1990. Marehemu Dekha Ibrahim Abdi na wenzake walianzia sokoni, mahali ambapo wanawake wa koo zilizokuwa zikipigana walilazimika kuuziana, ndipo wakawafuata wazee. Naomba kamati kuu ijayo iwape kina mama nafasi za uongozi, si za kupika chai ya mikutano tu.

Kaskazini mwa kaunti yetu ya Tana River mwaka huu umekuwa mchungu. Mvutano wa ardhi ya kuwahamishia waathirika wa mafuriko ulimwaga damu, na mwezi Oktoba serikali ikatangaza sehemu za huko kuwa maeneo hatari. Nawapa pole waliofiwa. Kumsaidia aliyekumbwa na mafuriko ni wajibu, lakini kumhamishia mtu kwenye ardhi ambayo jirani anaidai, kabla ya kukaa na jirani huyo, ni kupanda vita. Askari wanaweza kutenganisha watu kwa miezi michache. Ardhi itabaki palepale ikiwasubiri.

Hesabu za fedha zitasomwa na mweka hazina. Kwa upande wangu naomba tu ada zilipwe mapema, maana mafuta ya pikipiki ya kamati hayangoji.

Kiangazi cha Januari hadi Machi kinakuja, na wafugaji wa kutoka Garissa na Ijara watashuka kama kawaida. Wengi wao hawakuwepo tulipotembea malka, kwa hiyo wazee wa Matadeda wamekubali kuwapelekea habari huko huko waliko kabla hawajavuka.

Mwisho, naleta azimio. Makubaliano ya mdomo yanamtegemea mzee aliye hai. Mpango wa matumizi ya ardhi wa delta upo, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ipo. Naomba mturuhusu kuiandikia ofisi ya ardhi ya kaunti ili malka zote tulizokubaliana ziingizwe kwenye ramani, pasiwepo hatimiliki itakayotolewa juu yake kwa mtu binafsi wala kwa kampuni. Hii ndiyo ajenda ya tatu. Naomba ijadiliwe kabla ya hesabu, kwani wajumbe wa Kipini wanataka kufika kwao kabla ya magharibi.