Taarifa ya mwenyekiti ya mwaka: ile hasara ya 771,000 na habari ya posta ya Marekani

Ndugu wanachama, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba, na nyie wenzetu wa vijiji vya ziwani ambao najua mtaisoma hii keshokutwa mkifika sehemu yenye mtandao, poleni na maji.

Hii ndo taarifa yangu ya mwaka ya umoja wetu wa kusafirisha viroba vya dagaa kwa pamoja kutoka hapa Kigoma. Kwa katiba yetu nilitakiwa niisome mkutanoni, ila mnakumbuka wenyewe mkutano uliishaje, nilifika ukurasa wa kwanza tu pale palipoandikwa hasara 771,000 basi ikawa kelele mpaka mvua ndo ikatuamulia. Kwaiyo nimeiandika yote, mtu asome ametulia na chai yake, akitaka kunitukana anitukane akiwa ameshamaliza.

Niyapitishe haraka yale madogo. Wanachama tumefika 64, walioingia 11, waliotoka 3, mmoja kahamia Mpanda na wawili wamenuna tu, mlango uko wazi. Mizani mpya imenunuliwa, ile ya zamani tuliyokuwa tunajipunja nayo wenyewe iko kwa fundi. Misiba ilikuwa miwili, rambirambi zilifika, Mungu awalaze marehemu wetu mahali pema. Basi.

Sasa hasara.

Kwa wageni nieleze kidogo. Mzigo wa pamoja ni hivi, nauli ya basi au ya kifurushi posta kila mtu analipa yake, ila kukusanya, kupima, kufunga, stoo, boda mpaka stendi na kijana wa kusimamia pale ili kiroba chako kisipotelee chini ya viti, hiyo tunafanya kwa pamoja, na kila kiroba kinalipa 1,500. Kiwe kimetoka Mwanga hapa, kiwe kimetoka Ujiji, kiwe kimekuja na boti kutoka Mwamgongo au Kagunga au kule chini Kalya, ni 1,500 ileile. Mwaka huu viroba vilikuwa 2,810, hela iliyoingia 4,215,000, iliyotoka 4,986,000. Ndo hiyo 771,000 mliyoipigia kelele.

Kijana wetu mmoja wa Gungu, ambaye nampenda kwa sababu ndiye pekee anayesoma makabrasha kabla ya kikao, alisimama akasema mwenyekiti tusidanganyane, posta ya Marekani yenyewe inakula hasara mabilioni kila mwaka, na wale wana ndege na makompyuta, sisi na boti ya Kibirizi tutaweza wapi, tuuvunje huu mzigo wa pamoja, kila mtu apambane na konda wake. Watu wakapiga makofi. Mimi sikuwa na jibu. Nikaenda nyumbani nikala bando jioni tatu nasoma hiyo habari ya posta ya Marekani, na nimeona aliyosema ni kweli ila ni nusu ya kweli, na hiyo nusu iliyobaki inatuhusu sisi kabisa yani.

Wenzetu wale, posta ilikuwa wizara ya serikali. Mwezi wa 3 mwaka 1970 wafanyakazi wakagoma kwa ajili ya mishahara, Rais Nixon akatuma mpaka wanajeshi New York wakachambue barua, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kuifanya shirika linalojitegemea, likaanza kazi 1971. Kujitegemea manake uza stempu, lipa mishahara kwa hiyohiyo. Siku hizi hela ya kodi ya kuendeshea shughuli zao za kila siku hawapewi. Lakini amri ya kumfikia kila mtu ikabaki palepale, saivi ni anwani zaidi ya milioni 160, siku 6 kwa wiki, na stempu bei ni moja uwe mjini uwe porini. Kuna kijiji kinaitwa Supai huko Arizona, kiko chini kabisa ya korongo, gari haliingii, barua na hata vyakula vinashushwa na nyumbu. Nyumbu si wale wa Serengeti jamani, ni yule mtoto wa punda na farasi. Stempu ya kwenda Supai ni sawa na ya kuvuka mtaa. Mimi niliposoma hapo nikaiona Kagunga hii hapa.

Alafu ikaja Desemba 2006, Rais Bush akasaini sheria nyingine. Hii ndo niliyoisoma mara mbili. Shirika likaambiwa kila mwaka kwa miaka 10 litenge kama dola bilioni 5.5 akiba ya matibabu ya wafanyakazi watakapostaafu, yani na huyu kijana aliyeajiriwa juzi awekewe ya uzee wake kuanzia leo. Na sheria hiyohiyo ikawafunga bei, stempu isipande kuliko mfumuko wa bei. Na barua zenyewe zilikuwa zimeshaanza kukimbia, zile za daraja la kwanza ambazo ndo zenye faida zilifika kileleni 2001, zaidi ya bilioni 103, baada ya hapo ni kushuka, leo hazifiki hata nusu yake. Watu wameingia kwenye imeili, wanalipa bili kwa simu, 2008 uchumi nao ukaanguka, na wewe una bili ya bilioni 5 na ushee ya watu ambao hawajazeeka.

Mwaka wa hesabu wa 2012 wakatangaza hasara dola bilioni 15.9. Dunia nzima ikashika kichwa. Lakini fungua daftari, katika hizo bilioni 11.1 ni hayo malipo ya akiba ya miaka miwili iliyorundikana, ambayo hata hawakuyalipa, walishindwa, ila kwenye kitabu yameandikwa kama matumizi.

Sasa mweka hazina, usiniangalie vibaya, ila na sisi tufungue daftari letu.

Mkutano wa mwaka juzi, mkiongozwa na mimi mwenyewe, siruki, tulipitisha kwamba kila mwezi 40,000 itolewe kwenye hela ya viroba iende mfuko wa rambirambi, tukasema tuweke kabla watu hawajafa. Wazo zuri. Ila ni 480,000 kwa mwaka, na imeandikwa matumizi ya mzigo wa pamoja wakati haijafunga kiroba hata kimoja, na sehemu kubwa ipo benki mpaka leo. Ukiitoa hiyo, hasara ya mzigo wenyewe ni 291,000. Bado ni hasara, sisemi si hasara, ila siyo ile mliyoipigia kelele.

Na hapa lazima niwe mkweli manake kuna wazee waliponisikia naanza hii hoja chemba walifurahi wakadhani nimeshamjibu kijana wa Gungu. Sijamjibu. Marekani walifanya hivyohivyo, mwezi wa 4 mwaka 2022 Rais Biden akasaini sheria ya kuiondoa ile amri ya akiba, na madeni ya nyuma kama dola bilioni 57 yakafutwa. Mwaka huo kitabu kikaonyesha faida kubwa ya ajabu, faida ya kalamu tu. Mwaka uliofuata hasara bilioni 6.5, wa 2024 hasara bilioni 9.5. Stempu ambayo mwanzoni mwa 2021 ilikuwa senti 55 katikati ya 2025 imefika senti 78, na bado. Kwaiyo mzigo wa akiba haukuwa ugonjwa wote, ulikuwa umefunika ugonjwa mwingine, ambao ni kwamba kumfikia kila mtu kwa bei moja ni gharama, na barua zilizokuwa zinalipia hiyo gharama zimepungua.

Na kila wakitaka kupunguza, wanasiasa hawataki. Mwaka 2011 waliweka mezani ofisi zaidi ya 3,600 za kufikiria kuzifunga, vijiji vikalia, ikabidi mwaka uliofuata waamue kupunguza masaa kwenye ofisi kama 13,000 badala ya kufunga. Mwaka 2013 postamasta mkuu wao akatangaza barua za Jumamosi basi, miezi miwili mbele karudisha maneno mdomoni sababu Bunge lilimkatalia. Yani unaambiwa fika kila mahali, usipandishe bei, usipunguze siku, usifunge ofisi, na usilete hasara. Hata mke wangu nilipomsomea alicheka akasema huyo ni mama mwenye nyumba aliyeachiwa elfu tano apike pilau.

Wengine wamekata shauri tofauti. Uingereza waliipeleka posta yao sokoni 2013, na mwaka 2025 imeangukia mikononi mwa tajiri wa Ucheki, na tayari barua za daraja la pili wameruhusiwa wapeleke siku moja waruke siku moja. Denmark ndo wamekwenda mbali zaidi, shirika lao la posta liliacha kugawa barua mwisho wa 2025, kazi iliyoanza mwaka 1624, visanduku 1,500 vya mtaani vikang'olewa. Wao karibu kila mtu ana mtandao wa uhakika nyumbani. Sisi tuna minara, na tuna sehemu za ziwani unapanda jiwe ukinyoosha mkono juu ndo meseji inatoka.

Kuhusu posta yetu nisikae sana. Wengi hamjui kwamba Shirika la Posta Tanzania lilizaliwa kwa sheria ya 1993 likaanza Januari 1994, baada ya ile Posta na Simu kupasuliwa, simu zikaenda TTCL, posta ikabaki na barua. Yeyote aliyewahi kupanga foleni ya kupiga simu ya tranki, ile ya kupiga mkoa mwingine, anajua hela ilikuwa dirisha lipi. Benki ya Posta nayo ilishatengwa mapema, leo ni TCB. Kwaiyo mtu akiniuliza kwanini posta inahangaika namuuliza kwanza ilibakishiwa nini mezani. Na bado ina kazi ya kufika hadi huku mwisho wa reli, wakati basi linachagua njia yenye abiria. Sisi wa umri wangu tunajua thamani yake, barua yangu ya kuitwa fomu wani ilipitia S.L.P. ya parokia, ikafika vizuri tu, katekista ndo aliisahau ndani ya kitabu cha nyimbo. Nilifika shule wenzangu wameshagawana vitanda.

Haya, turudi kwenye 291,000 yetu. Nimekaa na katibu tumetenganisha njia. Viroba vya mjini vimeingiza 3,603,000 vikatumia 3,436,000, faida 167,000. Viroba vya ziwani vilikuwa 408 tu, vimeingiza 612,000 vikatumia 1,070,000, hasara 458,000. Kijana wa Gungu atasema si ndo nilichosema. Ndiyo, kwenye tarakimu uko sahihi na nakupa mkono. Pendekezo lako la pili, la wa ziwani kulipa 4,000 kwa kiroba na wa mjini wabaki 1,500 nimeliandika, litapigiwa kura.

Ila mimi nalipinga. Faida ya mjini inatoka kwenye nini? Mnaouza mtandaoni kule Dar na Arusha mnaandika dagaa wa Kigoma, hamuandiki dagaa wa Gungu. Gungu hakuna dagaa. Kuna mama zetu Mwamgongo wanaanika, wanafunga, wanasubiri boti, na ukimpandishia mpaka 4,000 atamuuzia mchuuzi anayekuja na boti yake mwenyewe, na wewe utakwenda kununua kwa huyohuyo mchuuzi kwa bei anayotaka yeye. Hiyo hasara haitaandikwa kwenye daftari la mweka hazina, itakuwa mfukoni kwako kimyakimya.

Ninachoomba mimi ni vitu vitatu vidogo. Rambirambi itoke kwenye mzigo, kila mwanachama achangie 1,000 kwa mwezi, inatosha na inabaki. Pili, boti inaenda mara mbili kwa wiki mwaka mzima wakati kila mtu anajua wiki ya mbalamwezi wavuvi wa dagaa wanalala, karabai za kuvutia dagaa hazisaidii kitu mwezi ukiwaka hivyo, na sisi tunapeleka boti inarudi na kiroba kimoja na mbuzi wa mtu. Tukisimamisha safari za wiki hiyo tu tunaokoa kama 240,000. Hapa wa ziwani hawajakubali wote, wanasema boti haileti dagaa tu inapeleka na vitu vyao vya dukani, na wana haki, labda tuache safari moja badala ya kufuta zote mbili, tujadili. Tatu, kila kiroba kiongezwe shilingi 100, wote, wa mjini na wa ziwani. Kwa viroba vya mwaka huu ingekuwa 281,000, na sitaki tule yote, nataka ibaki kidogo ya kulipia vinavyopotea.

Manake vimepotea viwili. Kimoja tumemlipa mwenyewe. Kampuni ya basi iliyokibeba inasema walishusha, sisi risiti tunayo, mvutano unaendelea na kuanzia mwezi ujao mzigo wetu haupandi gari lao tena.

Kura ni Jumamosi hii saa 9 mchana stoo kwetu, siyo pale nje tena, tumeazima turubai. Wa ziwani mnaweza kutuma kura kwa kiongozi wa boti kwa karatasi iliyofungwa, kila mpiga kura aandike jina lake nyuma. Na kile kiroba cha pili, cha mama yetu wa Kalya, kina maandishi ya maka peni nyekundu na kimeshonwa kwa kamba ya nyavu ya bluu, atakayekiona sokoni au stendi au popote ampigie katibu hata kama ni usiku.