Punda wa dobi bado anangoja mwandishi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na vijana wanaoandika hadithi fupi kwa Kiswahili. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisoma miswada yao, na wengi wanapotaka kutumia ngano humchukua sungura na fisi kama walivyo, hubadilisha majina, kisha hufunga kwa funzo lilelile tulilolisikia utotoni.

Nitoe mfano wa ngano ya punda wa dobi, ambayo mmisionari Mwingereza Edward Steere aliipata Zanzibar na kuichapisha London mwaka 1870. Kima aliyeishi juu ya mkuyu kando ya bahari alizoea kumtupia papa matunda, hata papa akamwalika kwao. Walipofika mbali akamwambia kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba wao huiacha mioyo yao mitini, akarudishwa, na alipokwisha kupanda akamuuliza papa kama anamdhania kuwa punda wa dobi.

Mzizi wa kisa hiki uko India, katika Panchatantra, mkusanyo wa kale wa ngano za wanyama, ambamo adui wa kima ni mamba. Katika Kalila wa Dimna, kitabu cha Kiarabu kilichotokana na mkusanyo huo, adui huyo ni kobe, na kilipofika pwani yetu wasimulizi wakamweka papa, ambaye kila mvuvi aliyekuwa barazani alimjua. Basi hao wazee tunaowaheshimu kwa kuhifadhi ngano walikuwa pia watunzi, na sioni kwa nini sisi tujinyime haki waliyoitumia wao.

Sasa tumtazame punda mwenyewe, ambaye kima alimsimulia papa kisa chake. Alimtoroka dobi, akanenepa msituni, akajiwa na sungura aliyetumwa kumposea simba. Akafurahi, akaenda, akarukiwa na kujeruhiwa, akaponea chupuchupu. Sungura akamfuata tena na kumweleza kwamba ndiyo desturi ya mazungumzo ya simba, naye akarudi, akauawa. Sungura akala moyo na masikio, na alipoulizwa na simba akajibu kwamba mnyama huyo hakuwa navyo, kwani angekuwa navyo asingerudi mara ya pili.

Kila nikifika hapo huwa nasimama. Ngano inamcheka punda, lakini mwandishi wa leo anaweza kukataa kucheka na kuuliza ni maneno gani hasa yaliyomrudisha, mshenga alilipwa nini, na je, njia ya kurudi kwa dobi ilikuwa bado wazi? Sote tunawajua wanawake waliorudishwa kwenye kipigo kwa maneno kama yale ya sungura, wakaambiwa kwamba ndivyo mume alivyo. Riwaya nzima imelala humo, wala haihitaji mnyama hata mmoja anayesema.

Shida ni kwamba vijana wengi wamezisoma ngano zikiwa zimefupishwa kwa ajili ya mitihani, nyimbo zake zimeondolewa na ukatili wake umelainishwa, na vitu hivyo ndivyo vinavyomchokoza mtunzi. Kwa hiyo nakuomba, Mhariri, utenge safu ndogo kila wiki ambamo wasomaji wataleta ngano kama zinavyosimuliwa nyumbani kwao, pamoja na nyimbo zake, bila kuzisafisha, na msimulizi atajwe anakotoka. Mimi niko tayari kuanza na nilizozipata kwa bibi yangu.

Mwalimu mstaafu,
Tanga