Anayeandika ombi katika soko la mtandaoni naye alindwe

Kwa Mhariri,

Maonyo yanayotolewa kuhusu utapeli katika masoko ya mtandaoni karibu yote humlenga mnunuzi anayepitia matangazo ya wauzaji: chunguza picha, linganisha bei, soma maoni ya wateja waliotangulia, usitume fedha kabla ya kuiona bidhaa. Ni maonyo ya kweli, nami sina ugomvi nayo. Lakini yanamsahau mtu mwingine aliyemo katika masoko hayo hayo, tena katika hatari kubwa zaidi, yaani yule asiyekuja kuchagua kilichokwisha kutandazwa bali anayeandika ombi: natafuta friji iliyotumika, nahitaji fundi bomba, nani ana kitanda cha mtoto cha kuuza. Naomba nafasi katika safu yako nimtetee mtu huyo.

Tazama ombi la kawaida linavyoandikwa. Mtu anasema anatafuta mashine ya kufulia iliyotumika, anataja kiwango cha mwisho anachoweza kulipa, anaongeza kwamba anaihitaji kabla ya mwisho wa mwezi kwa kuwa anahamia nyumba nyingine, kisha anamalizia kwa namba yake ya simu. Kwa mistari hiyo michache amekwisha kumweleza kila apitaye kile anachokikosa, fedha alizonazo, muda uliombakia na jinsi ya kumpata. Mfanyabiashara mwaminifu atayatumia maelezo hayo kumletea mashine inayomfaa. Tapeli naye hahitaji hata kuwa na mashine. Anachukua picha katika tangazo la mtu mwingine, anataja bei iliyo chini ya bajeti ile, ila si chini mno hata izue shaka, halafu anaandika kwamba mashine anayo na iko katika hali nzuri, lakini kuna mteja mwingine anakuja kuichukua jioni, hivyo atumiwe kianzio kidogo ili amshikie. Kila neno katika ujumbe huo limetolewa kwenye ombi lenyewe.

Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof, ambaye mwaka 2001 alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi, alieleza kwa mfano wa magari yaliyotumika jinsi soko linavyoharibika pale muuzaji anapoujua ubora wa kitu na mnunuzi asiujue: wenye magari mazuri hujitoa kwa kuwa hawapati bei inayostahili, yakabaki mabovu. Kwa mwandishi wa ombi pengo hilo huwa pana zaidi, kwa sababu yeye hajui lolote juu ya anachouziwa, ilhali anayemuuzia anajua mpaka uwezo wa mfuko wake na haraka aliyo nayo.

Dawa iliyozoeleka ni nyota na maoni ya wateja, utaratibu ambao eBay, soko la mtandaoni la Marekani, iliuanzisha mwaka 1996, miezi michache baada ya kuanza kazi. Dawa hiyo humfaa mwenye kuchagua, maana anaweza kumpita muuzaji asiye na historia. Mwenye ombi hamfuati muuzaji. Yeye ndiye anayefuatwa, na mara nyingi hufuatwa kwa ujumbe wa simu ulio nje kabisa ya soko, ambako hakuna nyota wala kumbukumbu ya mazungumzo.

Wenye masoko wakiulizwa hujibu kwamba kazi yao ni kuwakutanisha watu tu, na kwamba kila mmoja ajilinde. Sikubaliani nao, kwa sababu wananufaika na maombi hayo moja kwa moja. Yapo masoko ya huduma yanayomtoza fundi ada kwa kila ombi analotaka kulijibu, awe amepata kazi au hakupata. Fundi analipia namba ya mteja, anapiga simu, anaambiwa kwamba kazi ilikwisha kufanywa juzi, au kwamba mwenye namba hakuwahi kuandika ombi lolote. Soko linalolipwa kwa wingi wa maombi halina haraka ya kuyafuta yaliyopitwa na wakati wala kuyachuja ya uongo. Dalali wa kawaida, pamoja na lawama zote anazotupiwa, kwa kawaida hupata fungu lake biashara ikikamilika.

Ninachokitaka hakihitaji uvumbuzi. Namba ya simu na bajeti visionekane na umma. Majibu yapitie ndani ya soko, na mwenye ombi aamue mwenyewe ni nani wa kumfungulia mlango. Baadhi ya masoko yanafanya hivyo tayari. Ombi life lenyewe baada ya muda uliotajwa, ili fundi asilipie kazi isiyokuwepo. Na palipo na malipo ya awali, fedha zikae amana mpaka mzigo upokelewe, kama soko la Taobao la China lilivyofanya tangu mwaka 2003, pale wanunuzi walipoogopa kulipa kwanza na wauzaji wakaogopa kutuma kwanza. Kutokana na utaratibu huo ndipo ilipozaliwa Alipay, huduma ya malipo ya mtandaoni. Kwa bidhaa zinazopatikana jirani, hata amana si lazima. Craigslist, tovuti ya matangazo madogo iliyoanzishwa na Craig Newmark huko San Francisco mwaka 1995, kwa muda mrefu imewashauri watumiaji wake wafanye biashara na watu wa karibu, ana kwa ana. Mtu akikataa kukuonyesha kitu kilicho mtaa wa pili, huna haja ya ushahidi mwingine.

Kuhusu utambulisho wa wauzaji, najua hofu iliyopo: kwamba masharti makali yatawafukuza wauzaji wadogo wasio na leseni wala ofisi. Hofu hiyo ina msingi. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, inayotumika kikamilifu tangu Februari 2024, inayataka masoko kukusanya jina, anwani na mawasiliano ya mfanyabiashara kabla ya kumruhusu kuuza, lakini imewalenga wafanyabiashara, si mtu binafsi anayeuza kabati lake la zamani. Kwa huyo wa pili inatosha soko lithibitishe kitambulisho na kukihifadhi bila kukianika, ili akitapeli asiweze kufungua akaunti nyingine siku hiyo hiyo.

Hilo la vitambulisho litachukua muda na mabishano. La kuficha namba na bajeti halisubiri sheria wala mkutano wowote. Ni uamuzi wa wenye masoko peke yao, na ningefurahi sana kuona gazeti lako likiwauliza, kila mmoja kwa wakati wake, kwa nini hawajauchukua.

Wako,
Msomaji na mtumiaji wa masoko ya mtandaoni