Barua kwa Mwanangu Aliyeko Cork

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako na picha ya St Patrick's Street zimenifikia. Umeuliza kwa nini majengo ya upande mmoja wa mtaa yanaonekana kama yaliyojengwa kwa mkupuo mmoja, nami niliyefundisha historia miaka mingi siwezi kukujibu kwa mstari mmoja.

Mwaka 1920 Ireland, nchi ulipo mji huo wa Cork, ilikuwa vitani kudai uhuru kutoka Uingereza. Usiku wa tarehe 11 Desemba mwaka huo, baada ya askari wasaidizi wa polisi kutoka Uingereza kuviziwa kwa mabomu huko Dillon's Cross, njia panda ya mji huo, wenzao waliingia mjini na petroli. Maduka zaidi ya 40, Ukumbi wa Jiji na maktaba viliteketea, na mipira ya wazima moto ikakatwa. Waziri wa Uingereza aliyesimamia Ireland alisimama bungeni London akadai kwamba wenyeji wamejichomea mji wenyewe. Huku askari wale wakitembea na vizibo vya chupa vilivyounguzwa kofiani, kwa kuwa kizibo kwa Kiingereza huitwa kwa jina la mji huo huo.

Wapiganaji wa IRA, jeshi la siri la Waireland waliodai uhuru, walikuwa na risasi chache, wakivizia kisha wakitoweka miongoni mwa watu. Jeshi la Uingereza halikuweza kuwakamata wote, nao hawakuweza kulifukuza. Kwa kuwa adui hakuonekana, akaadhibiwa aliyeonekana, yaani mwenye nyumba.

Moto ule wa hasira na ulevi ninaweza kuuelewa. Wa karatasi ndio unaonikera. Tarehe 1 Januari 1921 nyumba saba za Midleton, mji mdogo ulio karibu na Cork, na viunga vyake ziliharibiwa kwa amri rasmi ya jeshi, kwa hoja kwamba wakazi wa karibu na palipotokea shambulio hawakukosa kujua, wakanyamaza. Walipewa saa moja kutoa vitu vya thamani. Samani hawakuruhusiwa kuzigusa. IRA nao wakachoma majumba ya waungaji mkono wa Uingereza, makubwa na ya gharama zaidi, hata mwezi Juni uchomaji rasmi ukasitishwa. Wala siwatakasi, maana waliwaua pia raia waliowashuku kuwa majasusi. Mapigano yalisimama saa sita mchana, tarehe 11 Julai 1921, pasipo upande wowote kushinda vitani.

Siku usiyokuwa na zamu, panda treni uende Midleton, kisha unitumie picha ya mtaa wake mkuu.

Mama yako