Kwa Hamisi, kuhusu Salenda

Kinondoni, Dar es Salaam

Swahiba yangu Hamisi,

Salaam nyingi. Huku sote wazima, joto tu ndilo linalotutesa.

Hiyo picha ya Daraja la Tanzanite uliyoiona ni ya kweli, ndivyo linavyopendeza usiku. Lilifunguliwa 2022, urefu wake kilomita moja na ushee, linapita juu ya bahari kutoka upande wa Aga Khan hadi Coco Beach. Lakini uliponiuliza kama Daraja la Salenda, lile la zamani, sasa halina kazi tena, roho iliniuma.

Halijafa, ndugu yangu. Asubuhi daladala za Posta bado zinabanana palepale.

Mimi nimejua ukubwani kwamba lile ni jina la mtu: John Einar Selander, aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa kazi za umma wa Tanganyika chini ya Waingereza. Daraja lilijengwa 1929, pale Mto Msimbazi unapoingia baharini. Asili ya jina hilo tumeisahau. Kwetu sisi ni Salenda tu.

Na fikiria mji ulivyokatwa vipande wakati ule. Wahindi Uhindini, Waafrika Kariakoo na Ilala, katikati yao uwanja wa Mnazi Mmoja umeachwa wazi makusudi. Wazungu wakataka upepo wa Oysterbay, na daraja ndilo lililowawezesha kuishi kule na kufika ofisini mjini. Babu mzaa mama alikuwa dobi wao. Alivuka Salenda kwa miguu na furushi la nguo kichwani, jioni anarudi zake Kariakoo, kwa sababu kule alitakiwa afue, si alale. Kila nikipita pale namkumbuka.

Sisi wajukuu tukalivuka kwenda kuogelea! Jumapili, kandambili mkononi, kutoka Upanga hadi Coco, na mihogo ya kukaanga yenye pilipili inatungoja. Wajapani walikwisha saidia kulipanua kuwa njia nne, magari yanapita kwa kasi, nasi tumeshikana mashati pembeni. Unakumbuka maji yakipwa, ile harufu ya tope na mikoko, na yangeyange wamejipanga kama wanasubiri basi?

Ukija Desemba, Tanzanite tutakwenda siku ya pili. Kwanza tushuke Salenda tutembee mpaka Coco. Mihogo nalipa mimi.

Msalimie shemeji na watoto.

Wako,
Juma