Waliokataa kusaini mmewaonea

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu kuzaliwa kwa Katiba ya Marekani imewapamba waliotaka serikali kuu yenye nguvu, na wapinzani wao mkawaita wakorofi wasioitakia nchi umoja. Hapo mmewaonea.

Ni kweli muungano wa kwanza wa majimbo, uliotangulia katiba hiyo, ulikuwa dhaifu. Bunge lake halikuweza kutoza kodi, kazi yake ikawa kuyabembeleza majimbo. Wakulima wenye madeni walipoasi Massachusetts mwaka 1786, wenye mali waliingiwa na hofu, na mwaka uliofuata wajumbe wakakutana Philadelphia.

Sasa tazameni siku za mwisho za mkutano ule. Tarehe 12 Septemba 1787, George Mason wa Virginia alitaka katiba itanguliwe na tamko la haki za raia, akisema linaweza kuandikwa kwa saa chache tu. Kura zikapigwa kwa majimbo. Hakuna hata jimbo moja lililomuunga mkono. Mason alishasema kwamba ni heri aukate mkono wake wa kulia kuliko kuisaini katiba ile kama ilivyokuwa, na kweli hakuisaini. Wajumbe wenzake Elbridge Gerry na Edmund Randolph nao wakagoma. Baadaye Alexander Hamilton, mtetezi wa katiba hiyo, akaandika: ya nini kuikataza serikali isiyabane magazeti wakati haikupewa mamlaka hayo? Hoja ya mwanasheria hiyo, tamu masikioni.

Wananchi hawakuridhika nayo. Massachusetts iliipitisha katiba kwa kura 187 dhidi ya 168, Virginia kwa 89 dhidi ya 79, na zote mbili zikadai marekebisho. James Madison, mtetezi mwingine wa katiba ambaye mwanzoni hakuona haja ya tamko la haki, ndiye aliyelipeleka bungeni mwaka 1789. Vifungu 10 vikapata nguvu ya sheria Desemba 1791.

Mason naye simtakasi. Alimiliki watumwa, na haki alizozipigania hazikuwafikia, jambo ambalo makala yenu pia imelipita kimya.

Na ile hoja ya Hamilton? Mwaka 1798, huku uhuru wa magazeti ukiwa tayari umeandikwa, Bunge lilipitisha sheria ya uchochezi, ya kuwaadhibu walioiandika serikali vibaya; mamlaka ambayo Hamilton alisema haikupewa, serikali ikayatumia. Mbunge Matthew Lyon wa Vermont akafungwa miezi 4 na kutozwa faini ya dola 1,000 kwa kumwandika vibaya Rais John Adams. Wapigakura wake walimchagua tena akiwa gerezani.

Msomaji wenu,
Morogoro