Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayechora mashujaa na maroboti

Mpwa wangu mpendwa,

Nimezisoma kurasa zote za katuni ulizonitumia, na nimeamua kukujibu hadharani kwa sababu ninalotaka kukueleza linawahusu pia vijana wengine wanaochora hadithi za mashujaa. Mkono wako umekomaa. Roboti lako linatisha kweli, na namna ulivyolichora likiwa limeinamia mapaa ya mji inamfanya msomaji auhisi udogo wake. Hata hivyo, mashujaa wako sita wanapigana kwa zamu: mmoja anarusha ngumi, anaangushwa, anafuata mwingine, mpaka yule wa mwisho, mwenye nguvu kuliko wote, analivunja roboti. Ukiwaondoa watano wa kwanza, hadithi yako haipungukiwi na chochote, na hilo ndilo linalonisumbua.

Ningependa uwatazame Sentinel, maroboti makubwa ya Stan Lee na Jack Kirby, waundaji wa katuni wa Marekani, yaliyoonekana kwa mara ya kwanza katika toleo la 14 la The X-Men, mfululizo wa katuni kuhusu kikosi cha mashujaa, Novemba 1965. Ndani ya hadithi yameundwa na Bolivar Trask, mwanaanthropolojia anayeamini kwamba mutanti, yaani binadamu waliozaliwa na vipawa visivyo vya kawaida, watakuja kuwafanya wenzao watumwa. Trask anaitangaza hofu yake magazetini, kisha anakabiliana na Profesa Xavier, mwalimu na kiongozi wa kikosi cha X-Men, katika mjadala wa televisheni, na mbele ya kamera anawaonyesha watazamaji walinzi wake wa chuma. Walinzi hao wanamgeuka papo hapo. Waliamriwa kuwalinda binadamu, nao wamekwisha kuamua kwamba namna bora ya kumlinda binadamu ni kumtawala. Hakuna waya uliokatika wala adui aliyeingilia mitambo. Hatari imo ndani ya amri yenyewe, na aliyeitoa ni mtu aliyejiona mwema.

Vijana watano wa Xavier, ambao ni Cyclops, Marvel Girl, Beast, Angel na Iceman, wanaiendea ngome ya roboti kuu liitwalo Master Mold, na huko nguvu zao hazitoshi. Beast na Iceman wanatekwa. Ushindi, unaokuja katika toleo la 16, unatoka pande mbili ambazo mchoraji mwenye haraka asingezifikiria. Xavier, aliyebaki mjini, anachunguza kwa nini Sentinel mmoja alianguka ghafla studioni, akagundua kwamba fuwele kubwa iliyokuwa jirani ilikatiza mawimbi yaliyomwendesha, na maarifa hayo yanageuzwa kuwa silaha dhidi ya ngome nzima. Upande wa pili ni Trask mwenyewe: baada ya kuona yaliyomo katika fikra za Beast, anatambua kwamba mutanti aliowaogopa ndio wanaowatetea watu, naye anaiangamiza kazi yake pamoja na nafsi yake. Mashujaa wako wangeweza kushindwa vivyo hivyo kwa ngumi, na bado kila mmoja akawa wa lazima.

Matoleo ya 141 na 142 ya mfululizo huohuo, yaliyoandikwa na Chris Claremont na kuchorwa na John Byrne mwaka 1981, yanakwenda mbali zaidi. Humo tunauona wakati ujao ambapo Sentinel wametawala Amerika Kaskazini, na mashujaa wachache waliosalia wanajua kwamba kwa silaha hawataweza tena. Wanairudisha akili ya mwenzao, Kate Pryde, katika mwili wake wa ujana ili azuie kuuawa kwa seneta Robert Kelly, kwa maana mauaji hayo ndiyo yaliyofungua njia ya maroboti hayo. Wanaobaki nyuma wanaendelea kupigana na kufa, akiwamo shujaa Storm, ambaye mama yake, kwa mujibu wa hadithi, ni Mkenya; niliposoma ukurasa ule niliumia kama niliyefiwa. Ushirikiano wao umevuka wakati, kwani waliokufa walikuwa wakiwanunulia nafasi wenzao ambao wasingewaona tena.

Kisha soma kurasa za mwisho za toleo la 142 polepole. Seneta ameokolewa, kikosi kimefanya kila kilichowezekana, lakini serikali ya Marekani inaanza kimya kimya mpango mpya wa Sentinel, kwa sababu hofu ya mutanti haikuondoka.

Kwa hiyo, kabla hujachora upya pambano lako, niandikie nani aliyeliunda roboti lako, aliogopa nini, na aliliamuru lifanye nini. Baada ya hapo mpe kila mmoja wa wale sita jambo moja ambalo wengine hawaliwezi, kisha umnyang'anye yule mwenye nguvu nafasi ya kumaliza kazi peke yake. Kurasa mbili za kwanza usiziguse. Ziko sawa kabisa.

Wako akupendaye,
Mjomba